Sahani Mbili Tumboni

Shuleni tunaandika Kifaransa kuanzia asubuhi mpaka kengele ya mwisho, kwa hiyo daftari hili nimeliwekea Kiswahili, lugha ninayoweza kusemea ukweli bila kutafuta maneno. Na ukweli wenyewe ni kwamba ninaogopa watu. Mwalimu akiniuliza jambo ninalolijua, shingo inaniwaka moto, najibu chini chini mpaka wenzangu wanacheka. Mama husema nilizaliwa nikiomba radhi. Ninaandika haya wiki sita baada ya mambo yenyewe, kwa sababu katika wiki ile ya hospitali kunyamaza kwangu kulikaribia kumkatisha mama mkono.

Mama anafanya kazi ya samaki. Tulitoka upande wa kaskazini wa ziwa nikiwa mdogo sana, tukahamia hapa Kalemie, na tangu hapo baba huwa safarini kwenye boti, Moba, Kigoma, na mama yuko ufukweni akipasua, akitia chumvi, akianika. Alhamisi moja alikuwa anapasua kibonde. Kibonde ni samaki wa sharubu, hana magamba, lakini ana miiba mitatu migumu, mmoja mgongoni na miwili ubavuni, na hata akifa miiba hiyo inabaki imesimama. Mmoja ukamwingia mama kwenye kidole cha shahada cha mkono wa kuume, karibu na kiungo. Akakifyonza kidole, akatema damu, akaendelea. Wanawake wote wa samaki hufanya hivyo. Mwiba si jambo la kumpeleka mtu hospitali.

Jumapili kanisani alisalimia watu kwa mkono wa kushoto, ule mwingine ameuficha ndani ya kikwembe. Jumatatu hakuweza kufunga ngumi. Jumanne tukampeleka hospitali, mimi na jirani yetu, kisha jirani akarudi kuangalia wadogo zangu. Baba alikuwa Kigoma. Nikabaki mimi.

Wakamlaza, wakamchoma penisilini asubuhi na jioni. Jumatano alfajiri nilipofungua bendeji nikaona usaha wa kijivu unaonuka vibaya, na wekundu umepanda kutoka kiganjani mpaka katikati ya mkono. Mama alikuwa amelala, homa inamtetemesha. Ndipo nikafanya ambacho kila mtu wa kwetu angefanya. Kila nyumba upande wetu ina kapsuli chache za tetrasiklini, zile nyekundu na njano, ndani ya kopo moja na sindano za kushonea. Mtu akijikata, unafungua kapsuli, unamwaga unga kwenye kidonda. Hakuna aliyetufundisha. Tunajua tu, kama tunavyojua kwamba samaki aliyepasuliwa hutiwa chumvi ili asioze. Nilikuwa nimekuja na tatu, nimezifunga kwenye pindo la kitambaa. Nikazimwaga zote tatu, nikasukuma unga kwa kidole mpaka kidonda kikawa na ganda la njano, nikafunga bendeji kama nilivyoikuta. Nilijisikia nimefanya kazi nzuri.

Saa tatu akaja Papa wa labo, mpimaji wa maabara. Ndivyo wote walivyomwita, hata Dokta. Mtu mwembamba, mrefu, koti lake la abakosi limefifia mpaka rangi haijulikani, miwani imefungwa kwa uzi upande mmoja. Alikuwa na kijiti chenye pamba na chupa ndogo.

"Mama, pole. Nimekuja kukuibia usaha kidogo."

"Chukua wote, Papa," mama akasema. "Miye sina kazi nao."

Akacheka, akafungua bendeji, akainama. "Hapa kuna dawa yoyote mulipaka?"

"Hapana, Papa," mama akajibu, na alikuwa anasema kweli yake.

Papa wa labo akainua macho akaniangalia mimi. Shingo ikaniwaka moto. Nikaangalia miguu ya kitanda. Sikusema uongo, lakini sikusema kitu, na yeye akachukulia kwamba hakuna kitu. Akapitisha pamba yake juu ya kidonda, akaondoka.

Jioni Dokta akapita. Dokta wetu alikuwa mtu wa maneno machache, kila mtu kwake ni sitwayen, yaani raia, hata mtoto wa kunyonya. Akaushika mkono wa mama, akachukua kalamu ya biki mfukoni, akachora mstari wa buluu pale wekundu ulipoishia, vidole vinne chini ya kiwiko.

"Sitwayen, nisikilize vizuri. Penisilini haifanyi kazi. Ijumaa ni siku yangu ya kupasua. Huu wekundu ukipita kiwiko, hautasimama tena, na mimi sitangoja uingie begani. Ijumaa asubuhi nitakata."

"Utakata kidole?" mama akauliza.

"Mkono."

Mama akauvuta mkono wake. Bibi mmoja mnene wa kitanda cha jirani, aliyevunjika mguu, akaingilia: "Dokta, kwani dawa zote zimekwisha huko?"

"Kuna dawa moja yenye nguvu, jentamisini. Nina ampuli sita tu, na ninaziweka kwa wanawake wanaopata homa baada ya kuzaa. Siwezi kuzimwaga kwa kubahatisha. Labo ikiniambia kwamba njo hiyo itakayoua hizi mikrobe, nitampa. Isiponiambia, sitampa."

Basi kila kitu kilikuwa kwenye sahani ya Papa wa labo. Mkono wa mama, ndio chakula chetu, ndio minerval, ada yangu ya shule, ulikuwa unangoja sahani.

Alhamisi asubuhi, jua ndiyo kwanza limetoka ziwani, nikasimama mlangoni pa labo. Kilikuwa chumba kimoja mwisho wa baraza, na meza ndefu, darubini iliyofunikwa kitambaa, na sanduku la chuma la kupasha joto ambamo alizilaza sahani zake. Nilisimama muda mrefu bila kubisha. Aliponiona akaniita kwa kidole, kwa neno ambalo kwetu hata msichana huitwa kwa heshima.

"Ingia, mama. Njoo uone maajabu."

Akanionyesha sahani ya kioo, ndogo, yenye kifuniko. Ndani mlikuwa na rojo lililoganda, jekundu kwa damu ya kondoo aliyoichanganya. Lilikuwa laini kabisa, linang'aa.

"Unaona nini?"

"Hakuna kitu, Papa."

"Njo hivyo. Hakuna kitu. Mukono unaoza kitandani, sahani safi kama imeoshwa." Akaigeuza, akainusa. "Rojo langu ni chakula cha mikrobe, sawa na ugali kwetu siye. Usaha kama ule haukosi kuota. Basi kosa ni langu. Labda niliunguza rojo. Labda lina sumu." Akavuta sahani nyingine mbili, bado hazijapandwa kitu, kutoka kwenye frigo. "Zimebaki hizi mbili za sufuria ile ile. Nazimwaga, napika upya leo, napanda kesho."

Akazishika juu ya ndoo.

Kesho ilikuwa Ijumaa. Niliona kidole gumba chake kikisukuma kifuniko. Bado mdomo wangu haukufunguka, mpaka kifuniko cha kwanza kikafunguka kidogo, ndipo sauti ikatoka kubwa kuliko nilivyotaka.

"Papa, usimwage! Njo miye!"

Akageuka.

"Niliweka tetra kwenye kidonda. Jana alfajiri. Mama hajui. Uliponiangalia, nilinyamaza."

Akakifunga kifuniko taratibu, akaweka sahani mezani, akakaa kwenye kiti. Nilingoja kofi. Akaniuliza tu:

"Kapsuli ngapi?"

"Tatu."

"Tatu! Ulikuwa unamupika mama yako, ama unamutia chumvi?"

La pili ndilo nililokuwa nafanya.

"Sikia," akasema. "Unga mwingi vile, zile za juu zimekufa zote. Miye nikapita na pamba hapo juu hapo juu, nikachukua maiti, nikazipanda. Maiti haioti. Lakini zile za chini, ndani ya nyama, unga haukuzifikia hata kidogo. Zinakula." Akavua miwani, akaipangusa. "Njia ya kitabu ni siku tatu. Siku ya kwanza napanda usaha. Ya pili nachukua kilichoota, nakitenga, nakipanda kipya pamoja na dawa. Ya tatu nasoma dawa gani imeua na gani imeshindwa. Jana tungeanza vizuri, kesho asubuhi ningekuwa na jibu. Sasa jana imekwenda."

"Hakuna njia ya mbio?"

Nilishangaa kwamba ni mimi niliyeuliza. Yeye pia alishangaa kidogo, nadhani. Akatazama zile sahani mbili.

"Iko. Haimo kwenye kitabu changu, lakini naifahamu. Unaruka siku ya kwanza. Unachukua usaha safi kutoka chini kabisa, unaupaka sahani nzima, na hapo hapo unaweka dawa juu yake. Mikrobe zinaota na dawa inapigana nazo wakati mumoja. Na hungoji mpaka kesho. Zikianza tu kuota, ukungu kidogo tu, unasoma. Asubuhi mpaka jioni." Akainua kidole. "Ubaya wake: kama ndani ya usaha kuna mikrobe za namna mbili, zitanidanganya. Na ukisoma mapema sana, unaweza kuona dawa imeshinda kumbe bado. Kwa hiyo nitafanya ya mbio leo, na ya kitabu nitafanya vilevile kesho kwa rojo jipya, hata ikimalizika Jumapili. Twende."

Kabla ya kuondoka alinishika bega. "Tukifika, utasema mwenyewe, ama niseme miye?"

Nikamwambia asiseme kwa mama. Mama alikuwa na homa, nikajiambia haifai kumsumbua. Huo pia ulikuwa woga. Papa wa labo hakubishana.

Safari hii aliosha kidonda kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa, chupa nzima, mpaka ganda la njano likatoka lote. Mama akaliona likianguka kwenye beseni, akalitazama, akanitazama, akafumba macho. Kisha Papa wa labo akaingiza sindano nene pembeni ya kidonda, chini kabisa, akavuta. Mama aliuma kona ya kikwembe. Usaha uliotoka ulikuwa mchache, mzito, na ndani yake mna nyuzi za damu.

Mezani kwake aliupaka sahani zote mbili, akapita kwa kijiti mara tatu, kila mara akigeuza sahani kidogo, kama mtu anayefagia ua asiache hata jani. Halafu akafungua kopo lenye viduara vya karatasi, kila kimoja kama ukucha wa mtoto. Alikuwa amevitengeneza mwenyewe kwa buvari, ile karatasi tunayokaushia wino shuleni. Alivikata kwa mashine ya ofisini ya kutoboa karatasi, akavichovya dawa mbalimbali, akavikausha, maana vile vya kiwandani havikuwa vimefika kutoka Kinshasa. Akavilaza kwa koleo kimoja kimoja, vitatu kila sahani, na chini ya kioo akaandika kwa wino herufi ya kila dawa: P, T, A kwenye moja, K, S, G kwenye nyingine.

"Hiyo G njo jentamisini," nikasema.

"Unasoma vizuri."

Akafungua sanduku la joto, akaweka mkono ndani, akautoa. Akabonyeza swichi ya ukuta. Taa haikuwaka. Umeme ulikuwa umekatika, na kwa kuwa ulikuwa umekatika asubuhi ile, hakuna aliyejua utarudi saa ngapi.

Kwa mara ya kwanza nikamwona amekasirika. Alipiga sanduku teke. Kisha akatulia, akaziangalia sahani, akaniangalia mimi.

"Mikrobe hizi zimezoea wapi? Mwilini mwa muntu. Basi tutazirudisha huko. Wewe una homa?"

"Hapana."

"Vizuri. Homa ingezidisha."

Akazifunga sahani kwa sparadra, ile plasta ya vidonda, kuzunguka vifuniko, tabaka juu ya tabaka, mpaka hata maji yasingepita. Akazifunika kwa kitambaa safi. Akaniambia nizifunge kwa kikwembe kwenye tumbo tupu, chini ya blauzi, nisiiname, nisikimbie, nisikae juani, nisikae karibu na moto, nisizifungue hata Rais akija kuniomba. Niende nikae. Saa kumi na moja jioni nimrudishie, kabla Dokta hajapita.

"Zikivunjika?"

"Hazitavunjika. Una sura ya muntu asiyevunja vitu."

Ilikuwa saa mbili kasoro. Nilizifunga. Kioo kilikuwa baridi, nikaruka. Baada ya muda kikapata joto langu, nikakisahau, kisha nikakikumbuka tena kila nilipovuta pumzi. Sikurudi kukaa karibu na mama, kwani chumbani palikuwa na harufu ya dawa na watu wengi wakisukumana. Nikakaa kwenye benchi ya uani, penye kivuli, upande walikopikia wanawake wanaowalinda wagonjwa wao. Na hapo ndipo adhabu yangu ilipokuwa.

Mimi ni mwembamba. Mtu mwembamba akiweka sahani mbili tumboni, hafichi kitu.

"Ee, yaya, dada wa shule!" mwanamke mmoja akaita kutoka kwenye masufuria. Alikuwa na sauti ya sokoni, mumewe amelazwa kwa ngiri. "Jana tumbo halikuwepo. Leo liko!"

"Njo mimba za hospitali hii," mwenzake akadakia. "Unalala tupu, unaamka na miezi minne."

"Baba yake ni nani? Isiwe yule mushona vidonda mwenye sharubu!"

"Aa, huyo hana nguvu hiyo."

Wakacheka mpaka mmoja akaangusha mwiko. Watoto wakaja kuniangalia. Siku nyingine yoyote ningeinuka nikaenda kujificha nyuma ya choo mpaka jioni. Nilitaka kuinuka, miguu ilikwisha jikaza. Lakini nyuma ya choo ni juani. Nikabaki nimekaa, mikono yangu miwili juu ya sahani, nikahesabu mawe ya ukuta.

Mwanamke yule wa sokoni akaja akasimama mbele yangu. "Si tunacheka tu, mwanangu. Lakini sema, umebeba nini?"

Nikamjibu: "Mukono wa mama."

Nikamweleza yote. Kapsuli, ganda, sahani tupu, Dokta, Ijumaa. Sijawahi kumwambia mtu nisiyemjua maneno mengi hivyo. Aliposikia habari ya unga alishika mdomo. "Mungu wangu. Na miye nilimuwekea baba watoto, juzi, baada ya kupasuliwa." Akaenda mbio chumbani kwa wanaume, akarudi baada ya muda, akaketi nami. Tangu hapo hakuna mtoto aliyenisogelea. Aliwafukuza kwa mwiko.

Saa nane nilibanwa na haja ndogo. Naandika hili kwa sababu nimeapa kuandika kweli. Nilijizuia mpaka machozi yakanitoka, na chooni kwenyewe mtu lazima ainame. Mwanamke yule akaona. Bila kuniuliza akafungua blauzi yake. "Lete hapa." Akazipokea sahani mbili, akaziweka chini ya matiti yake makubwa, akafunga kikwembe juu. "Nenda, mwanangu. Hapa ni moto kuliko kwako."

Kila saa nilikwenda mlangoni pa chumba cha wanawake kumchungulia mama. Wekundu ulikuwa umepita mstari wa buluu. Vidole vinne vilivyokuwa vimebaki kufika kiwikoni vikawa vitatu, halafu viwili.

Saa kumi na moja umeme haukuwa umerudi. Papa wa labo alinitolea sparadra taratibu, akazipeleka sahani barazani kutafuta mwanga. Jua la kwetu linachomoza ziwani, lakini linalala nyuma ya milima, na jioni ile lilikuwa karibu kuigusa. Dokta alikuwa anapanda ngazi. Papa wa labo akamwita.

"Dokta, njoo usome na miye kabla jua halijaondoka."

"Umepanda lini?"

"Saa mbili asubuhi."

"Masaa tisa?" Dokta akasimama. "Kitabu kinasema kumi na nane."

"Kitabu hakina mukono wa kukatwa, Dokta."

Dokta hakucheka. Akainama. Papa wa labo aliinamisha sahani kidogo, kulia, kushoto, na mara mwanga ukashika. Juu ya rojo jekundu palikuwa na ukungu mwembamba, kama pumzi ya mtu kwenye kioo. Kwenye sahani ya kwanza ukungu ulifika mpaka ukingoni mwa P na A, hata haukujali kwamba kuna dawa. T ilikuwa na duara jembamba sana, kama uzi. Kwenye sahani ya pili K ilikuwa na duara la wastani, S vilevile. Kuzunguka G rojo lilikuwa tupu, jekundu, safi, upana wa kidole gumba kila upande.

"Huu ni ukungu tu," Dokta akasema. "Ukikosea je?"

"Sahani hizi hizi zitaendelea kuota. Kesho asubuhi zitasema kama nimekosea, na miye nitasema mbele ya wote."

"Na joto? Umeme hakuna tangu asubuhi."

Papa wa labo akanionyesha kwa kidevu. Dokta akagusa kioo, akakuta ni vuguvugu, akanigeukia. Jinsi alivyonitazama ningeweza kuyeyuka.

"Sitwayen, ulizitoa mwilini hata mara moja?"

"Mara moja, Dokta. Nilikwenda choo. Mama mumoja alizishika. Chini ya titi."

Papa wa labo akageuka upande akakohoa. Dokta akaminya midomo.

"Na sampuli ya jana, kwa nini haikuota?"

Papa wa labo angeweza kunijibia. Alitazama milima. Nikasema: "Nilikuwa nimejaza tetra kwenye kidonda. Niliulizwa, nikanyamaza."

Dokta akapumua kwa pua. "Nusu ya mji huu inafanya hivyo, na hakuna hata mumoja anayeniambia." Akatazama sahani tena, mpaka jua likashika mlima na ukungu ukapotea machoni petu. "Ampuli ya kwanza sasa hivi. Kesho saa moja nitaangalia mstari. Nisipopenda nitakachoona, nitakata vilevile."

Akachora mstari mpya, kidole kimoja na nusu chini ya kiwiko. Sahani zikarudi tumboni mwangu mpaka umeme uliporudi usiku.

Ijumaa saa moja alikuja na kanzu ya kupasulia tayari mwilini. Upande wa nje wa mkono wekundu ulikuwa umesimama pale pale kwenye wino. Upande wa ndani ulikuwa umeupita, kwa unene wa unyasi. Mama alisema, "Dokta, unyasi si kitu." Dokta akamwuliza Papa wa labo, aliyekuwa amesimama mlangoni na sahani zake mkononi: "Zimesemaje?"

"G iko pale pale. Duara halikupungua hata kidogo."

"Basi huyu nitamuweka wa mwisho kwenye orodha."

Walikuwa wanne kabla yake. Tuliwaona wakipita na kitanda cha magurudumu, mmoja mmoja. Wa tatu aliporudishwa, niliweka kiganja changu kwenye paji la uso la mama nikaona jasho, jasho jingi la baridi, na chini yake homa imekwisha. Nikautazama mkono. Kati ya wekundu na wino palikuwa na ngozi nyeusi ya kawaida, upana wa mbegu ya mahindi. Nilikimbia barazani, mimi, nikapiga kelele "Dokta!" mbele ya watu wote.

Hakukata mkono. Alikata nyama iliyokufa kwenye kidole, na mshipa unaokunja kidole ulikuwa umeoza pamoja nayo.

Jumapili, baada ya ibada, Papa wa labo aliniita nione sahani za njia ya kitabu. Akanipa rula nipime mwenyewe. P, A na T zilikuwa vilevile. G safi. S nzuri. Lakini K, ambayo Alhamisi tuliiona ina duara la wastani, sasa ukungu ulikuwa umeingia mpaka karibu na karatasi.

"Hapa tulikosea," akasema, akaandika hivyo hivyo kwenye rejista, kwa wino, bila kufuta kitu. Dokta alikuwa amepanga kwamba ampuli sita zikiisha ataendelea na hiyo K, kloramfenikoli. Siku ile ile akaibadilisha, akampa streptomisini. Papa wa labo alisema ya mbio ni ya kuzima moto, na ya kitabu ni ya kujua kama moto umezimika kweli.

Mama nilimwambia mwenyewe, jioni ya Jumapili ile, nikimlisha uji. Nilianza tangu pindo la kitambaa mpaka mwisho, bila kuomba radhi katikati. Akaniacha nimalize.

"Niliona lile ganda kwenye beseni," akasema. "Nilingoja uniambie. Na miye ningeweka, kama ningekuwa na nguvu. Lakini ukiulizwa na muntu wa labo, sema. Hata kama ni miye niliyekataza, sema."

Siku ya kutoka, Dokta alifungua bendeji, akamwambia asogeze vidole, kimoja kimoja. Gumba kikaja. Cha mwisho kikaja, na cha pete, na cha kati, polepole kama vinatoka usingizini. Cha shahada kilibaki kimenyooka. Akamwambia ajaribu tena, mama akajaribu mpaka jasho likamtoka, hakikukunjika.

"Hicho hakitarudi, sitwayen."

Mama akakitazama kidole, akakigusa kwa mkono wa pili. Kisha akafunga vile vinne vingine kwenye ukingo wa kitanda, akabana, akavuta kama anajaribu mpini wa kisu.

"Vinne vinatosha," akasema. "Leta nguo, twende."